Besi ya Mkude Ukutani

Siku mume wangu alipokufa nilipika wali na maharage, nikala nikashiba, nikaosha vyombo. Mama mkwe wangu, Bi Sikudhani, naye alikula, akasifu maharage. Tulikuwa tumeshapewa habari. Balozi wetu wa mtaa alikuja mwenyewe kutuambia kwamba Mkude alikuwa anatoka kazini, tawi la mti wa mkenge likamwangukia, amefia palepale na mwili uko hospitali. Mama akamkaribisha chai. Balozi akanywa, akaomba sukari kidogo. Alipoondoka, Mama akasema, "Maskini Mkude," kwa sauti ileile anayosemea kwamba leo kuna wingu.

Msinifikirie vibaya. Au nifikirieni mnavyotaka, wakati ule nisingejali. Nyumba yetu ya Bigwa, hapa Morogoro, ilikuwa na Utulivu ukutani kama nyumba zote. Utulivu ni sauti, nyembamba, imefichwa ndani ya kuta na dari, huisikii mpaka uitafute. Mkononi unavaa bangili inayopima mapigo ya moyo. Moyo ukipanda, bangili inauambia ukuta, na ukuta unaushusha. Tuliletewa baada ya ile miaka ya ukame, watu walipokuwa hawalali, wanapigana mapanga kwa ajili ya ndoo ya maji. Na kusema ukweli ulisaidia. Mapanga yalirudi jikoni. Ndoa kadhaa mtaani kwetu zilipona, ikiwemo yangu, maana Mkude alikuwa na mdomo na mimi sikuwa mtu wa kunyamaza.

Basi tukamzika. Makaburini nako kulikuwa na Utulivu, vipaza sauti vimefungwa juu ya nguzo za taa. Mkude alikuwa Mluguru, na sisi Waluguru tuna watani wetu Wanyamwezi, na mtani kwenye msiba ana kazi yake. Shija Nyanda aliyekuwa mpiga dramu wa bendi yetu, Mnyamwezi wa Tabora, rafiki wa Mkude tangu ujana, aliingia kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akasema huyu Mluguru hazikwi mpaka yeye Shija apewe jogoo. Zamani hapo ndipo msiba ungechemka. Wanawake wangemsihi, wanaume wangemtukana yeye na ukoo wake, watu wangelia na kucheka kwa pamoja, na mwisho jogoo angepatikana. Siku ile tulisimama tu, tunamtazama kwa adabu. Mzee mmoja akasema, "Sawa, tutasubiri." Shija alilala mle mpaka ikamfika aibu, akapanda mwenyewe, akakung'uta suruali. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Mimi nikadhani ni vumbi.

Yeye Utulivu haukumshika vizuri. Alikaa miaka mingi pembeni ya matoazi, masikio yake nusu yalikufa, na daktari alishamwambia hakuna dawa. Mtaa mzima ulimhurumia kwa hilo.

* * *

Arobaini ilikuwa imeshapita alipokuja na laptopu. Wenye Kiswahili cha ofisini wanaita kipakatalishi. Sisi bendini tuliita laptopu, na hiyo hasa tuliita Bibi, kwa jinsi ilivyokuwa inachelewa kuamka. Bendi yetu, Nyuki wa Bigwa, ilikufa pale Utulivu ulipoingia, maana watu waliacha kucheza. Hakuna aliyetukataza. Walikuja ukumbini, wakakaa vitini, wakatabasamu, wakaenda kulala mapema. Mkude akatundika gitaa lake la besi, akaajiriwa idara ya maji. Shija alikuwa ameikuta Bibi kwenye banda lake chini ya ngozi za ngoma, kioo kimepasuka, betri imevimba, vitufe vingine havipo.

"Humu kuna mazoezi yote, shemeji," aliniambia. "Kuna Mkude humu."

Nikasema sawa. Nikaitoa ile betri iliyovimba isije ikatulipukia, nikachomeka waya wa umeme, tukaufungua wimbo mmoja. Besi ikasikika kwa muda wa pumzi moja. Halafu ukuta ukaudaka ule wimbo, ukausaga, ukabaki mvumo kama wa friji. Utulivu ndivyo ulivyotengenezwa. Unasikiliza kila sauti iliyomo ndani, na yoyote inayoweza kuutikisa moyo unaisugua mpaka iwe laini. Redio hivyohivyo, simu hivyohivyo, hata mtu akipiga kelele. Shija aliniambia tuipeleke porini juu mlimani, lakini Bibi bila betri haiendi popote pasipo na umeme, na zaidi ya hapo sikuona sababu ya kwenda kumsikiliza mume wangu kichakani kama tumeiba mbuzi.

Niliifanyia kazi Bibi, na mtaniuliza kwa nini, maana mtu asiyesikia uchungu anatafuta nini. Hamu sikuwa nayo. Hamu nayo ni moyo kupanda. Nilikuwa najua tu kwa akili kwamba kuna jambo halijafanyika, kama unavyojua ukiwa sokoni kwamba mlango wa nyumbani hukuufunga. Haikuniuma. Ila nilijua.

Bendini mimi ndiye niliyekuwa fundi mitambo, na kuta nilizielewa. Zinapokea chanzo kimoja tu. Karibu na mita ya umeme kuna kisanduku chenye tundu moja, na waya wa Utulivu umechomekwa hapo. Ukiuchomoa ukaweka waya mwingine, kuta zote za nyumba zinaimba unachotaka wewe. Kwa hiyo dawa ilikuwa ni kuigeuza Bibi iwe seva ya muziki ya nyumba, ikae yenyewe usiku na mchana, haina kioo, haina mtu wa kuibonyeza, kazi yake ni kutunza nyimbo na kuzitoa.

Kwanza niliyahamisha mazoezi kwenye diski nyingine, maana ile ya zamani ilikuwa inagonga ndani, na diski ikianza kugonga usiiamini hata kwa siku moja. Kisha nikafuta kila kitu. Ule mfumo wake wa zamani ulikuwa mzito, umejaa mapicha na madirisha, unaila nguvu yote kabla kazi haijaanza. Nikaweka mfumo mwepesi, wa maandishi matupu. Nikakitoa kioo kilichopasuka, nikasugua feni kwa mswaki mkuukuu, likatoka vumbi la ukumbini, jekundu. Nikaielekeza isisinzie ikiachwa. Nikaipandisha juu ya kabati palipo na hewa, nikavuta waya mpaka kwenye kisanduku, bila kuuchomeka. Sasa kwenye simu yangu niliweza kuyaona mazoezi yamejipanga kwa majina aliyoyapa Mkude mwenyewe: zoezi la mvua, zoezi Shija kachelewa, zoezi Shija kachelewa tena.

Nilijua hapo ilikuwa ni pa kucheka. Nikafunga simu nikaenda kuanika nguo.

* * *

Kuchomoa Utulivu si kosa. Watu wa makanisa wanachomoa siku za ibada, watu wa harusi wanachomoa. Sharti ni kwamba kila mtu mzima anayelala ndani ya nyumba aseme kwa sauti yake kwamba ameridhia, mbele ya kile kisanduku, nacho kinarekodi. Nyumba yetu ilikuwa na watu wazima wawili, mimi na Mama.

Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo. Zahanati walikuwa wamempandisha daraja la tatu la Utulivu tangu siku ya msiba, na yule daktari wa kike nilipompigia kumuuliza itakuwaje tukizima, alinijibu kistaarabu kwamba moyo wa Bi Sikudhani unaweza kuhimili na unaweza usihimili. Nilimuuliza yeye angefanya nini. Akasema yeye hana mama mkwe.

Nikatamka ridhaa yangu, kisha nikamwita Mama kwenye kisanduku, nikamweleza. Nilimwambia nataka kuzima Utulivu tumsikilize Mkude, kwamba itamuuma, kwamba moyo unaweza kumsumbua.

"Sawa tu, mwanangu," akasema.

Kisanduku kikatoa mlio wa kukubali. Mashine iliridhika. Mimi nikamtazama usoni, nikaona uso wa mtu anayeambiwa leo tunakula mchicha. Nikamjaribu. Nikamuuliza, Mama, na nikitaka kukukata kidole? Akafikiri kidogo.

"Sawa tu. Usitumie kisu cha nyama, kitaharibika."

Basi nikaacha. Shija alipokuja na kukuta waya bado unaning'inia alikasirika, na kwa kuwa alikuwa karibu mtu pekee mtaani anayeweza kukasirika, nilimtazama kama mtu anayetazama mpira. Alisema huyu mama ameibiwa. Alisema mtoto wake wa pekee amefukiwa kama mbegu na yeye hakupewa hata nafasi ya kupiga ukunga. Nikamjibu kwamba pengine hakuibiwa, pengine amesamehewa, na wapo akina mama wengi kabla yake ambao wangelipa chochote kupewa alichopewa yeye.

"Si umemuuliza? Si amekubali?" Shija akasema.

"Aliyenijibu ni Utulivu, shemeji. Nikimuuliza akiwa humo ndani, hajibu yeye. Nikimtoa ili nimuulize, nimeshamtoa."

Shija akakuna shavu. Akasema mimi nimeanza kuongea kama wakili. Halafu akasema, taratibu sasa, kwamba hata yeye hajui. Tukakaa barazani mpaka chai ikapoa.

Kilichonisukuma hakikuwa maneno ya Shija. Ilikuwa asubuhi moja nafagia sebuleni, Mama amesimama mbele ya picha ya Mkude, ile aliyopiga amevaa koti la bendi. Alikuwa ameitazama muda mrefu. Akageuka kwangu.

"Mwahija, hivi mimi nilikuwa nampenda huyu?"

Nikamwambia, "Ulikuwa unampenda sana, Mama."

"Aa. Vizuri," akasema, akaenda kumwaga maji uani.

Mimi nikaendelea kufagia. Lakini siku hiyo niliamua. Nitazima kwa muda wa kuuliza swali tu. Akisema rudisha, narudisha saa ileile, na sitamuuliza tena maisha yangu yote. Nilijua kumuuliza kwenyewe ni kumuumiza. Niliamua hivyo hivyo, na mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki hiyo.

* * *

Nilichagua alasiri, Mama akiwa ameshaswali. Alikaa kwenye mkeka sebuleni anachambua choroko kwenye ungo. Shija nilimweka barazani na namba ya zahanati, nikamwambia asiingie mpaka nimwite. Swali nililiandaa kichwani kama mtoto anayekwenda dukani: Mama, nimezima, hivi ndivyo ulivyo hasa, unataka tubaki hivi au nirudishe? Ridhaa zetu kisanduku kilikuwa nazo tayari, nikachomoa waya wa Utulivu.

Kitu cha kwanza kilikuwa miguu. Miguu iliniuma, magoti yaliniuma, nikagundua kwamba huenda yalikuwa yananiuma kwa miezi. Kisha nikasikia jirani anatwanga. Kisha hasira ikaja, haikuja kwa Mungu wala kwa mti, ilikuja kwa yule balozi aliyeomba sukari. Ningekuwa naye karibu ningemzaba kofi. Nikachomeka waya wa Bibi ili uwe tayari, nikageuka nimuulize Mama.

Hapo ndipo nilipokosea. Mafundi mitambo wa dansi tuna tabia moja. Umeme ukikatika ukumbini na kurudi, muziki lazima uanze wenyewe hapohapo, la sivyo watu wanachukua mikoba yao na kuondoka. Kila mtambo ninaoushika nauwekea hivyo, mkono unafanya bila kuniuliza. Na Bibi nayo nilikuwa nimeiwekea. Ilipopata njia ya kutokea haikungoja mtu. Kabla sijafungua mdomo, besi ya Mkude ikatoka kwenye kuta zote za nyumba, sebuleni, chumbani, jikoni, vikombe vikatikisika kabatini.

Alikuwa anapiga taratibu, anauzunguka wimbo kama mtu anayetafuta mlango gizani, kisha dramu zikaingia, zikakimbia, na besi ikakatika. Sauti yake ikajaa nyumba.

"Shija! Unakimbilia wapi, kwenu Tabora? Turudi mwanzo."

Ungo ulianguka. Choroko zikatapakaa mkeka mzima. Mama aliinuka kwa magoti, akaenda mpaka ukutani, akauwekea viganja vyote viwili, na besi ilipoanza tena niliona mikono yake inatetemeka nayo. Hakulia. Alitoa sauti fupi, ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto, na alipogeuka kunitazama sikumjua. Alikuwa amezeeka.

Mimi nilikuwa na mume wangu ndani ya mbavu. Sina namna nyingine ya kulisema. Kilio kilikuwa kinapanda kutoka tumboni, na nilikitaka, Mungu anajua nilikitaka kuliko chakula. Lakini niliahidi kuuliza, nikauliza. Nilimwambia, "Mama, nimezima Utulivu. Hivi ndivyo ilivyo. Tubaki hivi au nirudishe?"

"Rudisha."

"Mama..."

"Mwahija, rudisha. Nakuomba, mwanangu. Kirudishe hicho kitu."

Kwa muda mfupi nilimchukia. Nalisema kama lilivyokuwa. Nilimwona bibi mmoja mwoga aliyesimama katikati yangu na mume wangu, na nikawaza kujifanya waya umeharibika. Halafu nikaona jinsi anavyoushika ule ukuta ili asianguke, nikaona aibu. Nikachomoa waya wa Bibi kwa mkono mmoja, nyumba ikanyamaza kimya, nikaokota ule mwingine. Nilipousogeza kwenye tundu, kisanduku kikaongea, kwa ile sauti yao ya upole isiyo ya mwanamke wala mwanamume. Kilisema Utulivu uliokatwa kwa ridhaa haurudi bila ridhaa. Kilitaka kuongea na mkazi wa daraja la tatu, yeye mwenyewe, kipange daraja jipya. Nikamshika Mama mkono, nikamleta. Bangili yake ilikuwa inawaka nyekundu.

"Mkazi Sikudhani, eleza kwa nini unahitaji Utulivu."

"Najisikia vibaya," Mama akasema.

"Maelezo hayatoshi. Je, unaumwa? Sema ndiyo au hapana."

Mama alinitazama, mimi nikatazama sakafu, choroko zilikuwa zimefika mpaka pale. Akasema hapana, haumwi.

"Je, umegombana na mtu?"

"Hapana."

"Tafadhali eleza kwa maneno yako."

Mama akajishika kifua, nikadhani moyo umemzidi. Aliufungua mdomo, akaufunga. Hakuna aliyekuwa amemwomba alitamke lile neno, si balozi, si daktari, si mimi niliyekuwa nalala chumba cha pili kutoka kwake.

"Nimefiwa," akasema.

"Umefiwa na nani?"

"Na mwanangu."

"Taja jina."

"Mkude." Sauti ilikatika, akaianza upya. "Mkude wangu. Amekufa. Tumemzika."

"Pole, mkazi Sikudhani. Utulivu wa daraja la nne umeandaliwa. Hutasikia maumivu. Chomeka waya."

Nikauinua waya. Nilishaanza kuuaga moyo wangu, nilishaanza kujiambia kwamba kesho nitapika, nitafagia, nitakuwa sawa. Mama akanishika kifundo cha mkono. Alinishika kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Ngoja."

Nikangoja. Kisanduku kikarudia kwamba nichomeke waya.

"Kiambie kisubiri," Mama akasema. "Mimi mwanangu bado sijamlilia."

Nikauweka waya chini. Akavua bangili akaitupa kwenye choroko, akajifunga khanga kiunoni, akakaa sakafuni na kunyoosha miguu kama wanavyokaa wafiwa, akanivuta mkono nikakaa ubavuni pake, bega kwa bega. Barazani Shija alikuwa amesimama, hajui aingie au akimbilie zahanati, na Mama akamwita kwa jina. Halafu tukaanza kulia.